Kisanduku cha Gi-dong

Gurye, 3 Novemba

Dada yangu Pil-nam,

Salamu nyingi zikufikie huko Busan, wewe na shemeji na watoto. Goti lako limepata nafuu? Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kuuma na kabichi za kuchachua kimchi zimejaa uani. Siku tano nzima nimekuwa nikiikwepa kalamu hii.

Wajua tangu mwanzo sikukipenda kile kisanduku cha waifai alichokifunga mdogo wetu Gi-dong chumba cha kusini cha nyumba yetu ya wageni, mwaka jana. Alisema wageni wa siku hizi hawalali mahali pasipo na mtandao. Nikamwambia mionzi itawakaanga ubongo. Akacheka, akaniita bibi kizee wa milimani. Haya, baridi ilipoingia, kila aliyelala chumba kile aliamka akilalamika kichwa. Wa vyumba vingine waliamka wazima, wakaomba na supu ya pili. Mimi ni mtu wa kushuku, na safari hii nilijiona nina haki.

Januari mama akaomba kuhamia huko, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye sakafu inayopashwa moto wa kuni kutoka chini. Akalala, hakuamka. Daktari akasema ni uzee. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba si uzee, ni kisanduku cha Gi-dong. Ukampigia simu, ukamwambia aliyemuua mama hatagusa kikombe cha pombe ya kumkumbuka mama. Sasa kumbukumbu ya mwaka wake inakaribia, na nasikia shemeji ndiye atakayemimina pombe mbele ya picha yake, ilhali Gi-dong, mwanawe wa kiume ambaye kwa desturi kazi hiyo ni yake, yu hai.

Kisanduku niliking'oa mara tu baada ya maziko. Tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi wageni wakalala salama, nami nikatembea kifua mbele. Si niliwaambia?

Wiki iliyopita akaja Bwana Pyo, mwalimu mstaafu. Alitufuata kwa sababu alisikia nyumba yetu haina waifai. Ana kidude cha kupimia mawimbi. Alikizungusha kila pembe ya chumba cha kusini, hakikulia. Alifurahi mno, akasema hatimaye damu yake itapumzika. Nikamwashia moto, wa kwanza tangu baridi iliyopita.

Asubuhi hakuja kwenye kifungua kinywa. Nilimkuta sakafuni, mashavu mekundu, ametapika, miguu haimbebi. Hospitalini daktari hakuuliza habari za mtandao hata kidogo. Aliuliza, “Chumba mnakipasha joto kwa kitu gani?” Akanieleza kuna hewa ya sumu itokayo motoni, isiyo na harufu, nayo ilikuwa tele katika damu yake. Bwana Pyo amepona. Jana fundi wa sakafu alikuja kuibandua karatasi iliyofunika sakafu.

Dada, chini yake kuna ufa unaoingia kidole gumba, juu kabisa ya njia ya moshi. Nami niliujua. Mama ndiye aliyeuona mwaka jana, kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, akaniambia, “Ita fundi aukandike udongo. Usibandike karatasi juu yake.” Wageni walikuwa njiani. Nilibandika karatasi mpya, nikaipaka mafuta ikang'aa, nikamwambia mama fundi ameshapita. Akanishukuru. Miezi mitatu baadaye akatandika godoro lake pale pale, akiniamini.

Gi-dong hajui bado. Kesho napanda basi kwenda kumwambia ana kwa ana, na akinipiga nitastahili. Nakuomba jambo moja: mwache mtoto wa mama ammiminie mama. Mimi nitapika vyakula vyote alivyovipenda mama na kuvituma kwako, lakini mlango wako sitauvuka mpaka uniite. Usiponiita, sitauliza kwa nini.

Wabusu watoto, umsalimu shemeji. Jifunike vizuri, baridi ya mwaka huu ni kali.

Mdogo wako,
Mal-rye