Chupa Niliyoinunua kwa Jina Langu

Jumatatu, 6 Novemba 2017

Kwako daftari langu, salamu nyingi pamoja na heshima zote unazostahili. Niwie radhi kwa ukimya. Tangu tumzike mke wangu Wuraola sijakufungua. Umekaa chini ya Biblia kama mgeni asiyepewa kiti. Wamisionari walitufunza kwamba muungwana hacheleweshi jibu. Sina udhuru. Leo sina pia mtu mwingine wa kumwambia.

Jana jioni Muyiwa, mwanangu wa pekee, alinifuata uani. Akalala kifudifudi kunisalimu, kama ilivyo adabu yetu. Lakini hakuinuka. Alisema yote uso ukiwa chini, na vumbi likipeperuka kwa pumzi yake.

Majibu ya hospitali yametoka. Ajoke, mkewe, hana kasoro yoyote. Ni yeye Muyiwa. Mbegu ni chache, na zilizopo zimechoka. Daktari amesema mawazo ya muda mrefu yanaweza kuwa chanzo kimojawapo.

— Mtu asijue, Baba.

— Ajoke je?

— Anajua. Amekubali kuibeba lawama yeye.

Miaka sita mji mzima umemtazama tumbo binti yule! Na bado amekubali.

Asubuhi hii nilipiga kengele ya maombi saa kumi na moja na nusu, kama kawaida ya nyumba hii. Wapangaji wakaja, majirani wakaja. Nikaomba kama ninavyoomba kila siku: Ee Bwana, lifungue tumbo la Ajoke. Ningebadilisha neno moja tu, Mama Dorcas wa chumba cha mbele angeuliza sababu. Ajoke aliitika "Amina" kabla ya wote.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekwenda sokoni kwa Iya Sikiru, muuza dawa za mizizi. Nilivua kofia. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua. Nikaeleza, kwa maneno ya kuzunguka sana, kwamba nahitaji dawa ya kuimarisha mbegu za mwanamume.

— Ya nani, Baba?

— Yangu.

Alishika kiuno. "Jamani, njooni! Mzee wa kanisa ameamka!" Wauza viazi wakageuka. Muuza samaki akapiga kigelegele. Kisha Iya Sikiru akanisogelea kwa huruma ya kweli: "Usione haya, Baba. Jiko lako lilipoa tu, halikuzimika. Bibi harusi wa wapi? Mwambie ale ashibe, maana hii ninayokuchemshia si uji wa mgonjwa!"

Akaparuza orogbo, zile kokwa chungu tunazotafuna misibani na harusini, akachanganya na mizizi na maganda nisiyoyajua. Nilibeba chupa mkononi, bila kuifunika, hadi nyumbani. Heri wanicheke mimi.

Muyiwa huinywa chumbani kwangu. Wapangaji wanadhani anaingia kunikanda magoti.

Ijumaa, 10 Novemba

Mchungaji ameniuliza, kwa upole mkubwa, kama nina jambo la kutangaza kanisani. Nikasema bado. Waimbaji wanawake wakaangua vicheko nyuma ya kinanda! Wuraola, nisamehe. Wewe ungelicheka kuliko wote.

Jumanne, 14 Novemba

Nilimtembelea Fadeke, binti wa marehemu dada yangu. Anafundisha chuo kikuu na anaipima orogbo hiyohiyo kwa panya. Nilimwambia nauliza kwa niaba ya rafiki.

— Mjomba, hata kwetu habari za rafiki yako zimefika, alisema, akauma midomo asicheke.

Akanionyesha mrija wa waya. Panya dume huingizwa humo kila siku, hawezi hata kugeuka. Hapigwi. Hanyimwi chakula. Anabanwa tu. Baada ya wiki kadhaa mbegu zake hupungua, nyingine huwa na vichwa vilivyopinda. Wanaonyweshwa maji ya orogbo huwa na nafuu, lakini hawawafikii wale ambao hawakubanwa kamwe.

— Na ukimnywesha, kisha ukaacha kumbana?

Aliuweka mrija chini. "Hilo hatukulipima, Mjomba. Tulikuwa tunaendelea kuwabana." Akanisihi nisichukue ya panya kuwa ya watu. Nimemshukuru kwa subira yake.

Njiani nilifikiri jambo moja tu. Mrija wa mwanangu ni upi? Nikauona waziwazi: ni kazi yake. Muyiwa hupanda nguzo kuwakatia umeme wasiolipa. Nimesikia kwa masikio yangu wanavyomlaani kutoka chini: "Usizae! Ukoo wako uzimike kama ulivyoizima taa yangu!" Kila siku ya Mungu. Nani angestawi hapo?

Jumatatu, 20 Novemba

Amekubali! Mkuu wa kituo cha umeme alikuwa mwanafunzi wangu. Niliomba radhi mara nyingi hadi akanikalisha kwa nguvu. Muyiwa ataingia stoo, ahesabu nyaya, asipande nguzo tena. Usiku nilikula amala, ugali wetu wa viazi vikuu, bakuli zima. Ajoke akaniongezea mchuzi bila kuuliza, akatabasamu. Nimelala kama mtoto.

Jumapili, 26 Novemba

Ajoke ameondoka. Alipiga magoti mlangoni pangu akasema anakwenda kwao Iseyin kumsaidia mama yake kufuma. Amechukua masanduku yote mawili. Mtu haendi kufuma na masanduku mawili.

Jumatatu, 27 Novemba



Nilimwambia Muyiwa: mwanangu, nilidhani tumekutoa penye shida. Alikaa sakafuni, akaegemea kitanda changu.

— Baba, matusi ya barabarani nilikuwa nayaacha getini. Mtu ukimkatia taa, lazima atukane. Mimi mwili wangu huanza kutetemeka saa kumi na moja, kabla hujapiga kengele. Nangoja jina la Ajoke. Kila siku, Baba. Wewe unaombea tumbo lake, mimi nimepiga magoti hapohapo ubavuni mwake, naye anaitikia amina. Natamani ardhi inimeze.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

— Nilimwambia Ajoke aseme, wewe humkatalii neno. Akajibu: "Baba ni mwema mno. Ndiyo maana siwezi kumwambia anyamaze."

Nilidhani naficha siri yao. Nilimshika kichwa tu, kama alipokuwa mdogo mwenye homa.

Alhamisi, 30 Novemba

Nimepiga kengele leo kwa mara ya mwisho. Nilisema Baba Yetu, nikaishia inapoishia. Mama Dorcas akafumbua jicho moja.

— Baba, umelisahau tumbo la Ajoke.

— Sikulisahau, mama. Niwie radhi.

Watu walitoka, Muyiwa akabaki amepiga magoti. "Imekwisha?" Imekwisha, nikamwambia. Alishusha pumzi ambayo sijui aliishika tangu lini. Kengele nimempa Mama Dorcas, awaitie kuku wake.

Kisha nikamwandikia Ajoke. Nimemsalimu yeye, mama yake, na kazi ya mikono yao. Nimeomba radhi. Nimemwambia kiti chake kipo, na kwamba asubuhi za nyumba hii sasa ni kimya. Habari ya mtoto sikuigusa, si kwa neno wala kwa fumbo. Muyiwa ameandika yake. Sikuisoma.

Iya Sikiru alileta chupa ya pili, akaanza utani tangu getini. Kesho anakwenda Iseyin kutafuta maganda ya miti. Nikampa bahasha.

— Kumbe bibi harusi ni wa Iseyin! Anaitwa nani?

— Ni kwa Ajoke, mke wa mwanangu. Ameondoka.

Kicheko kilikatika. Aliitazama ile chupa. Akavitazama viatu vya Muyiwa mlangoni pa chumba changu. Kisha akapaza sauti, hadi Mama Dorcas akachungulia dirishani:

— Haya, bwana harusi! Unywe yote, usiniaibishe!

Akaitia bahasha kifuani, chini ya kitenge, akaifunika kwa kiganja. Kwa sauti ndogo akasema atamkabidhi mkononi, na kwamba hatabanduka pale kabla hajamwona akiifungua.

Barua anakwenda nayo Iya Sikiru, kwa gari la kwanza.