Ng'ombe Uliyenichagulia

Baba Zuhura, mume wangu,

Nilidhani nimekwisha kukulilia. Nilidhani imebaki kazi tu: majani, maji, samadi, maziwa ya asubuhi. Juzi kaja mgeni, kakaa hapa ndani kitambo kidogo, kasema maneno yake mawili matatu, na mimi mkeo nikaanguka kitako na sinia la chai mkononi. Vikombe vyote vilivunjika. Subhanallah, Baba Zuhura! Mtu aishi na mumewe umri wote huu na asimjue?

Wakumbuka ni mimi niliyetaka ng'ombe. Wewe ulikuwa na minazi yako, umetosheka. Mimi ndiye niliyekusumbua kila ulipokaa kula mtindi wangu: Siyu nzima twanywa chai kwa maziwa ya pakiti kutoka bara, walimu wa skuli walalamika, wenye mikahawa walalamika, na sisi ua tunao mpana, maji ya mvua yamejaa kwenye birika la jabia. Ng'ombe wetu wa kisiwani, maskini, watoa kikombe kimoja, nacho ndama akidai. Nataka ng'ombe wa gredi, nikakwambia, mmoja tu, nianze naye. Ulinyamaza siku nyingi hata nikakata tamaa. Kisha asubuhi moja ukasema, "Haya, vaa twende Mpeketoni. Lakini kutagua nitatagua mimi. Wewe wapenda rangi."

Na kweli, mimi nikichagua huchagua rangi. Boma la kwanza nikamwona mweusi na mweupe, mnene, ang'ara, nikasema ndiye huyu. Wewe hukumtazama hata usoni. Ulizunguka nyuma ukainama, ukaniambia kwa sauti ambayo mwenye ng'ombe aliisikia, "Huyu ni wa kutinda nyama, si wa kukama." Nilitamani ardhi inimeze. Boma la pili ukamkataa kwa sababu chuchu moja imekufa. La tatu, mwenyewe alikuwa keshamkama kabla hatujafika, ukamwambia tutarudi kesho tumwone akikamwa mbele yetu. Akakasirika. Njiani ukasema, "Akasirikaye ana la kuficha," na hatukurudi.

Ndipo tukafika kwa Mama Wambui, yule mama wa bara mwenye sauti ya kuitia feri. Yeye alitukamia pale pale bila kuombwa mara mbili. Ukataka michirizi ya kwanza ishukie kwenye kitu cheusi, uone kama maziwa yana mabonge ya ugonjwa. Cheusi kilichokuwapo ni buibui langu. Ukalishika pindo ukalitandaza, na mimi ndani yake! Maziwa yakawa safi. Kiwele kilipokwisha kukamwa kikasinyaa kama mfuko mtupu, ukafurahi, ukanieleza kwamba kikibaki kigumu basi ni nyama tupu hiyo, haina maziwa. Ukanionyesha mshipa mnene chini ya tumbo, na miguu ya nyuma iliyoachana vizuri. Ukakaa juu ya jiwe ukamtazama akila hadi akamaliza, ukasema mchagua majani hataishi Siyu, huyu hachagui.

Nikasogea nimshike. Lo! Macho yakamtoka, akapiga chafya, akavuta kamba nusura aking'oe kigingi. Mama Wambui akakuita kando, mkanong'ona karibu na uzio. Ulirudi wacheka peke yako. Nikakuuliza, wacheka nini?

"Hakuna. Mama huyu ana maneno."

Nikasema tumwache, hanipendi. Ukasema, "Ng'ombe mwema haatwi. Atakuzoea."

Hakunizoea. Tangu siku aliposhuka jetini Mtangawanda na wanawake wakanitania kuwa Bwana kaleta mke wa pili, hakunizoea hata siku moja. Nami sikuwa mvivu, wajua. Niliamka, nikaoga, nikavaa kanzu safi niliyoifukiza, nikaenda kwake na bismillahi mdomoni na ndoo mkononi. Nikala teke. Siku ya pili ndoo ikaruka juu ya ukuta. Siku nyingine aliyabana maziwa yote, hakutoa tone, akanitazama jicho la pembeni kama mkwe aliyekosewa. Nikalia kwa hasira. Ndoto ilikuwa yangu, na ng'ombe mwenyewe hanitaki!

Ukasema, "Niatia mimi kukama. Wewe fanya mtindi, uza maziwa." Na ndivyo ilivyokuwa. Kila ulipotoka kusali alfajiri ulikwenda bomani, ukalivua shati lako ukalitundika mbali, ukavaa msuli ule mkongwe ambao hukuruhusu uingie nyumbani, ukajisugua mikono kwa jivu hadi viwikoni. Ndipo ukakama. Kisha ukakoga kisimani kabla ya kunijia. Nikakuuliza, nguo zako nazifukiza udi kwa mikono yangu, mbona wazivua kama zina upupu? Ukasema wachelea zisichafuke. Nikaamini, mjinga mimi. Tena nikaona wivu. Naam, wivu, juu ya ng'ombe! Wakumbuka siku niliyokwambia ukalale huko huko bomani? Ulicheka hadi kofia ikaanguka. Na usiku ule ule ukanusa nywele zangu ukauliza, "Mbona leo moshi mdogo? Udi umekwisha? Nitakuagizia Lamu."

Kisha ukafa. Sijui nilisemeje jambo hili, Baba Zuhura, kwa sababu hata sasa halijanikaa kichwani. Ulirudi kutoka msikitini, ukakaa, ukasema, "Nipe mai." Nikakwenda mtungini, nikarudi, na wewe hupo. Kata ya maji ilikuwa mkononi mwangu, imejaa, na sikuwa na wa kumpa.

Uliponiacha, ng'ombe hakukamika. Ndugu yako Omari alijaribu, akitoka Ijumaa na kanzu yake iliyofukizwa na atari zake, akatupwa hadi kwenye hori la majani. Wakajaribu wengine waliotoka naye msikitini. Ndama ndiye aliyemwokoa, akinyonya anachoweza. Siku moja Omari akasimama nje ya mlango, mimi ndani ya eda, akanambia kwa upole, "Shemeji, mirathi ni mirathi. Ng'ombe asokamika ni nyama. Ukitoka eda tumuuze, kila mtu apate fungu lake." Sikumlaumu. Haki anayo. Lakini nilijua akiondoka huyu sitapata mwingine, na ile kazi niliyoililia kwako miaka yote itakuwa imekwisha kabla haijaanza.

Basi asubuhi moja akalia, mlio wa maumivu, kiwele kimevimba, na Zuhura yuko Mombasa kwa mumewe, na jirani hapana. Sikustahimili. Nikaingia bomani na nguo zangu za eda zilizochujuka, sina udi, sina asmini, sina wanja, kama eda itakavyo, nimejitayarishia teke. Akasimama tuli. Akageuza shingo, akaninusa begani, akashusha pumzi ndefu. Na maziwa yakatoka! Yakamwagika ndoo ikajaa povu, na mimi nalia kichwa changu kwenye ubavu wake.

Mji mzima uliingia wazimu. Wakasema karama. Bi Rukia, somo wangu, yule aliyenifunda nilipokuja kwako, aliyenishika mkono akanionyesha namna ya kufukiza nguo na nywele, alisema, "Ng'ombe amjua mjane." Nikaamini mimi pia. Nikaamini kwamba analia pamoja nami, kwamba tumepatana kwa sababu tumefiwa na mtu mmoja. Nikawa namsimulia habari zako huku namkama. Omari akasikia, akasema mambo ya Mungu haya, na maadamu akamika basi abaki, lakini tutaona ukitoka eda.

Juzi ndipo alipokuja Mama Wambui. Barabara ya kwao iliharibiwa na mvua, ndiyo sababu pole yake ilichelewa. Nikamsimulia karama yangu kwa fahari, na chai nammiminia. Akaniangalia.

"Karama gani, mama? Kwani mzee hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Hii ng'ombe haipendi moshi. Ikiwa ndama, zizi langu lilishika moto, karibu iungue. Siku ile nyinyi mlikuja, nilimwambia mzee, huyu bibi yako ananukia moshi moshi, ng'ombe haitampea maziwa. Nikamwambia, si umwambie aache tu hiyo kitu? Akacheka sana. Akasema, hapana, mimi nalimuoa na moshi wake, nitakamua mwenyewe."

Ndipo sinia lilipoanguka.

Wewe! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni kweli, na wewe wakijua! Ulijua tangu kwenye uzio kule Mpeketoni. Kila teke nililokula ulijua sababu yake. Ulinisikia nikimlaani mnyama wa watu, nikikuonea wivu, nikikwambia wanuka, nawe ukajisugua jivu kwenye baridi ya kusi, umri ule, goti lako likikuuma, ukafunga mdomo. Nimekasirika, usidhani sikukasirika. Nimetembea uani huku na huku nikizungumza peke yangu, na ng'ombe akinitazama. Kisha hasira ikanipasukia ndani ikawa kitu kingine ambacho sina jina lake.

Jana eda yangu ilimalizika. Wanawake wakaja asubuhi, nikakogeshwa, nikavishwa kanzu mpya. Bi Rukia akaleta chetezo, kaa la moto jekundu, na udi mzuri, ule ule ulioupenda, akaukunjua upindo wa nguo yangu aniingizie moshi. Nje ya ukuta nilimsikia Omari akizungumza na mtu kutoka bara ambaye sauti yake siijui. Alikuja kumtazama ng'ombe, kama nitashindwa.

Wallahi niliutaka moshi ule. Usifikiri ilikuwa rahisi. Miezi yote ile nimeuota. Nilijiona nikitoka vile ulivyokuwa ukinipenda, ninukie, nirudi kuwa mke wako hata kama hupo. Nikaona pia kwamba nikifukizwa, kesho kiwele kitabanwa, na mtu yule wa nje ataondoka na kamba mkononi. Vyote viwili sikuweza kuwa navyo. Nikaushika mkono wa Bi Rukia.

"Usinifukize."

"Una nini wewe? Mwanamke atoke eda hana harufu? Watasema ungali msibani."

"Waseme."

"Hata kidogo? Hata nywele tu?"

"Hata nywele."

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. Sikuwaeleza, maana ningeanza kusema ningelia, na siku hiyo sikutaka kulia mbele za watu. Nikatoka na kanzu yangu mpya hadi bomani, nikachuchumaa, nikakama mbele yao wote. Omari akachungulia juu ya ukuta, akatikisa kichwa, akamwambia yule mgeni arudi kwao. Mwezi ujao nitamtafuta ng'ombe wa pili, na nitamtazama miguu ya nyuma kwanza, rangi mwisho.

Bomani nikiwa nimechuchumaa swali moja lilinijia, na limekataa kuondoka. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, njiani, tukirudi kutoka Mpeketoni. Ningeuacha udi siku ile ile. Ningeuacha bila kununa, kwa ajili ya ng'ombe wangu na kwa ajili ya magoti yako.

Nawe ulijua kwamba ningeuacha. Ndiyo sababu hukuniambia.

Mola akulaze pema, msiri wangu.

Mkeo,
Mama Zuhura