Benchi Lenye Mito

Mama,

Wazee wa kanisa wamenizuia Meza ya Bwana. Jumapili ijayo niombe radhi mbele ya watu wote, la sivyo kikombe kinipite. Sitaomba. Nataka uzisikie hoja zangu wewe kwanza, maana ugomvi huu nimeurithi kwako.

Unalikumbuka benchi la mbele, lile lenye mito. Rafiki yako Marta, nesi Mzungu, ameishi Hombolo miaka mingi kuliko umri wangu. Kila Jumapili aliketi kando yako, nyuma, karibu na ngoma; kila Jumapili Mzee Yona alimfuata: "Mama, njoo mbele, mgeni hakai huku." Siku ulipomfuata huko mbele ukaketi naye, Mzee alikuinamia: "Mama Daudi, hapa pa Wazungu." Ukarudi nyuma ukicheka. Nyumbani hukucheka. Ulipepeta uwele uliokwisha kupepetwa.

Huko chuoni Chimwaga nilisoma vitabu vingi juu ya makanisa ya mbali yaliyowatenga watu kwa rangi, nikayahukumu kwa kiburi cha msomi. Kumbe sisi tulitenga kwa takrima! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marta jembe alilishika, mizabibu akaipalilia. Tulichomnyima ni mahali pa kuketi kama mtu wa nyumbani. Na wewe, mwenye nyumba, tukakufukuza kwenye mito.

Jumapili iliyofuata arobaini yako, Marta aliketi nyuma, pengo lako kando yake. Mzee Yona akaja kumwita. Mama, nililiburuta benchi lile hadi nje, juani, mito na yote.

"Chuo kimekuharibu, Daudi!"

"Shikamoo, Mzee. Nionyeshe mstari unaowapa Wazungu mito."

Najua, sauti yangu ilikuwa kali. Ungenifinya. Kwa ajili ya sauti hiyo nitakwenda kumwangukia Mzee nyumbani kwake, kama ulivyonilea. Kwa ajili ya benchi, kamwe.

Marta amekataa kurudi mbele. Amemwambia Mzee kwa Kigogo, kanisa zima likisikia, kwamba yeye si mgeni. Wanawake wa ngoma walipiga vigelegele kabla mchungaji hajasema amina.

Pumzika, Mama. Jumapili nitaketi nyuma, mahali pako, bega kwa bega na Marta. Kikombe kikinipita, kitanikuta hapo, na Jumapili itakayofuata kitanikuta hapo.

Mwanao,
Daudi