Theluji Mpya Humeza Sauti, Ulisema

Mama Wakio, mke wangu mkaidi,

Huko uliko sijui kama wana redio, ila wakiwa nayo najua umeshawapokonya. Hapa Alby, huku kwa Waswidi, kiti chako cha jikoni bado kinatazama dirisha, na kila asubuhi nafungulia utabiri wa hali ya hewa kama ulivyofanya wewe, ingawa Kiswidi changu ni cha kuombea chumvi tu.

Unakumbuka majira yetu ya kwanza ya baridi? Niliona jua limewaka, mbingu buluu kama sare ya shule, nami mtoto wa Voi nikatoka na shati la mikono mifupi kwenda dukani. Nikarudi masikio yamekufa ganzi, ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukaniambia huku mawingu ndiyo blanketi. Usiku usio na mawingu dunia inalala uchi, na jua la asubuhi yake ni pambo tu. Nikakuuliza kama watabiri wako si waganga wenye mshahara. Ukasema afadhali wao, hawadai kuku.

Halafu lile la sauti. Ziwa lililo chini ya majumba yetu likiganda, nilipenda kulivuka kwa miguu, nawe ukasimama kwenye roshani, mdogo kama punje ya mtama, ukiniita. Hukuhitaji kupaza. Ulinifika sikioni kana kwamba umeniegemea begani. Nikakuita mchawi. Ukanieleza kwa subira ya mwalimu wa chekechea: asubuhi tulivu, baridi hulala chini na hewa yenye joto huifunika kama mfuniko wa sufuria, basi sauti ikipanda hurudishwa chini, ikateleza juu ya barafu.

"Lakini theluji mpya humeza sauti," ukasema. "Siku hiyo ukizama, mzee, usinitegemee."

Haya ndiyo majira ya kwanza bila wewe. Binti yetu amenikataza ziwa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu, "Nej, pappa," yaani hapana, baba, kisha anaficha viatu vyangu. Juzi alipokwenda kazini nilivikuta ndani ya mashine ya kufulia. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na bado ilikuwa ikianguka. Nikajiambia, theluji imezidi, basi na barafu imenenepa. Hesabu ya mtu wa Voi hiyo. Nikatembea juu ya ziwa mpaka majumba yetu yakafutika nyuma yangu. Nikakohoa, na kikohozi kikafia mdomoni.

Hapo ukaniita.

"Mzee, rudi."

Bila kupaza. Begani pale pale.

Nilipotazama mbele, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa, theluji ilikuwa imegeuka kijivu, inalowa polepole kama ugali uliomwagiwa mchuzi. Nikarudi kinyumenyume, nikikanyaga nyayo zangu mwenyewe.

Jioni nikamuuliza Wakio kwa mbali, kama mtu anayeulizia habari za jirani. Akasema theluji hulifunika ziwa likakaa na joto lake, barafu ikabaki nyembamba, na uzito wa theluji ukaikandamiza mpaka maji yakapanda juu yake. Blanketi lako lile lile, Mama Wakio. Miaka yote hiyo nilishika nusu ya somo.

Nimejitafutia maelezo. Labda mke wa mtu alikuwa anamwita mumewe. Alby haikosi Waswahili. Lakini theluji ilikuwa inaanguka, na kwa sheria yako mwenyewe hakuna sauti ya roshani ambayo ingenifikia kule. Kwa hiyo ama somo lako lilikuwa la uongo, ama hukuniita kutoka roshani.

Redio inasema kesho theluji tena, bila upepo. Wakio ana zamu ya asubuhi, na viatu nimeshajua vilipo. Sivuki, nakuapia kwa kaburi lako, ambalo nalo limefunikwa blanketi. Nitasimama ukingoni tu, nitege sikio. Ila nakujua unavyoweza kununa. Usiponiita, nitapiga hatua moja, halafu nyingine, mpaka uchoke kunyamaza.

Mumeo asiyesikia la mtu,
Baba Wakio