Jana Tulimpata Idris

Jumamosi, Riyadh. Vumbi la wiki hii limetua, mbingu imerudia rangi yake, na mimi tangu asubuhi natabasamu peke yangu. Gari la madam, mke wa bosi wangu, nimeliosha mara mbili. Mara ya pili halikuwa chafu.

Acha niandike kabla furaha haijapoa.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi ni dereva. Nilikuja miaka mitatu iliyopita, na ule mkumbo wa vijana waliosajiliwa na maajenti Nairobi, na Mungu akanijalia kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, mwenye utu. Bosi wangu ni rubani mstaafu. Ana ndege ndogo ya viti vinne, na yeye na wenzake wachache wameunda kikosi cha kujitolea. Si wanajeshi, si polisi. Ni raia wanaotumia ndege zao na mafuta yao wenyewe. Mtu akipotea jangwani, watu wa uokoaji huwapigia simu nao wakaruka kumtafuta. Siku nyingine hupeleka dawa kwenye vijiji ambavyo barabara zake zimemezwa na mchanga.

Kazi yangu ilikuwa kumfikisha Bosi uwanjani, kupakia maji na mablanketi, kufuta vioo vya ndege, kisha kukaa kivulini hadi arudi.

Nakiri leo: niliichukia kazi hiyo.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika. Wenzangu wanakutana, wanapika, wanaimba nyimbo za nyumbani, na mimi niko uwanjani nanuka mafuta ya ndege. Sikuwahi kulalamika, kwa kuwa humlalamikii mtu aliyeshika ikama yako, kibali chako cha kuishi hapa. Lakini moyoni nilikuwa nikisema, matajiri hawa wanacheza tu.

Jana simu ililia tukiwa bado tunakunywa chai. Aliyepotea anaitwa Idris, Msudani anayechunga kondoo wa watu huko kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini. Dhoruba ya vumbi ya Jumatano ilitawanya kondoo wake, akawafuata kwa miguu, hakurudi kambini. Aliyetoa taarifa ni kaka yake, kibarua wa bandarini Jeddah. Ndugu hao huongea kila Alhamisi. Alhamisi hii simu ya Idris haikupatikana, na kaka akaanza kuwapigia watu wote anaowajua.

Sikujua kwamba ndege huruka kwa ajili ya mchunga kondoo.

Uwanjani tukakuta yule anayekaa na Bosi kuangalia chini ameshikwa na homa, hawezi kuruka. Bosi akanigeukia. Sisi huongea Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu.

"Mutua, kwenu uliwahi kuchunga?"

"Mbuzi, Bosi. Huko Kitui, hadi nilipomaliza darasa la nane."

"Basi panda. Yalla."

Sitajidai shujaa. Dakika kumi za kwanza nilitapika kwenye mfuko. Bosi akanipa maji bila kunitazama, akaendelea kuruka kama mtu anayelima shamba, anaenda, anageuza, anarudi. Mimi niliambiwa niangalie upande wa kulia na nisiache. Chini kila kitu kilikuwa rangi moja. Saa moja ikapita. Ya pili nayo ikawa inakaribia kwisha.

Bosi akagonga kipimo cha mafuta kwa kidole. "Nusu saa nyingine, kisha turudi."

Nikafikiria joto la mchana. Nikamfikiria mtu aliyekaa nalo tangu Jumatano.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo kila aliyechunga analijua. Mtu mmoja ni mdogo sana kuonekana, lakini kundi ni kubwa, na mchungaji wa kweli haachi kundi. "Bosi," nikasema, "tusimtafute yeye. Tutafute kondoo. Upepo ukiwa mkali huupa mgongo, wanatembea unakoelekea. Jumatano ulivuma kutoka wapi?"

Aliitazama dira. Nikadhani nimevuka mpaka. Kisha ndege ikalala ubavu, tukaelekea kusini mashariki, mbali kabisa na mahali tulipokuwa tukitafuta.

Niliona kitu karibu na mti mmoja wa miiba. Nilidhani ni mawe ya kijivu yaliyorundikana. Lakini mawe hayajipangi vichwa ndani na mikia nje. Kondoo ndio husimama hivyo saa sita mchana, kila mmoja akificha kichwa kwenye kivuli cha mwenzake.

Nikampiga kafili wangu begani. Nilimpiga kweli, kwa kiganja.

Tuliposhusha ndege karibu na ardhi, kondoo wakakurupuka kwa mlio wa injini, na katikati yao akabaki mtu. Akainuka kwa mguu mmoja. Akavua kilemba chake cheupe, akakipunga.

Bosi akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo sana. Mimi nilikuwa nalia.

Nilifungua dirisha nikaangusha chupa za maji zilizofungwa kwenye blanketi. Furushi la kwanza likaenda mbali. La pili likaanguka hatua chache kutoka kwake, nikamwona akilitambalia. Bosi akataja mahali tulipo kwenye redio, na magari ya wenzake yakaanza safari. Tukazunguka juu yake hadi mafuta yakatulazimisha kuondoka. Kumwacha pale kulikuwa kugumu kuliko kumtafuta.

Tulikuwa tumeshatua redio ilipoongea. Sikuelewa yote, ila neno moja nililijua: hai. Bosi akazima injini. Akanishika mkono, akaushikilia.

Jioni tulikwenda kumwona kliniki. Kifundo cha mguu kimevimba, midomo imepasuka, lakini anacheka. Ametuambia aliishi kwa maziwa ya kondoo. Halafu akanieleza jambo ambalo sitalisahau. Alipoisikia ndege hakutaka hata kuinuka. Alidhani inapita tu na watu wakubwa.

"Ilikuwa inakutafuta wewe," nikamwambia.

Alinitazama muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani. Nikamwacha.

Kaka yake akapiga simu, Bosi akanipa niongee naye. Aliuliza kama ni mimi niliyemwona. Nikajibu ni mimi. Akalia, akacheka, akalia tena, akasema nikifika Jeddah siku yoyote nisilale kwingine ila kwake, mtaa wa Ghulail, atanipikia asida. Nikamuuliza asida ni nini. Akaeleza: unachemsha maji, unatia unga, unasonga hadi ushikane. Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia. Nimekuja hadi Uarabuni kualikwa ugali.

Tukiwa njiani kurudi, Bosi aliniomba nakala ya ikama na picha ndogo, aniandikishe kwenye kikosi kama mwangalizi. Kabla sijajibu akaongeza, "Hii ni hiari, Mutua. Ukikataa, bado wewe ni dereva wangu, na Ijumaa zako nitakurudishia."

Tangu nitue nchi hii nimeambiwa mambo mengi ya kufanya. Hilo lilikuwa la kwanza ambalo ningeweza kulikataa.

Nikakubali.

Kesho ni Jumapili. Saa kumi na mbili na nusu watoto wa Bosi wawe njiani kwenda shule, kisha madam ana safari zake za sokoni, na foleni ya barabara kuu haijali nimefanya nini Ijumaa. Sijui simu italia lini tena. Naomba isilie, naomba kila mtu afike kwake salama.

Lakini maji nimeshayapakia.