Picha Aliyoletewa Mfalme

Bellevue, Johannesburg

Kaka yangu Shabani,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Wanao bado wanagombania kulala karibu na dirisha? Mimi mzima, naandika juu ya meza ya cherehani. Barua hii anakuletea Mama Zuhura, jirani yangu anayekuja huko, mkononi, maana simu ya Mama inasomwa na ukoo mzima, na haya ni yako peke yako.

Wiki hizi nashona gauni la binti wa mfalme. Usicheke! Mwalimu mmoja Mkenya, anafundisha chuo kikuu pale Braamfontein, ana wanafunzi wanaoigiza habari za wafalme wa Ulaya ya kale, na mavazi kanipa mimi. Mahameli ya kijani, mikono mipana kama foronya. Nikilitundika mlangoni upepo unaliingia, linajaa, nami nasahau uzi. Namwona binti mwenyewe anavuka bahari ya baridi kwenda kuolewa na mtu asiyemjua, anawaza kama chumba chake kitapata jua.

Juzi nililivaa ili mwalimu atazame pindo. Akanisimulia kwamba wafalme wale walichumbia kwa picha. Mchoraji alitumwa kwa binti, akamchora, mfalme akaipenda picha na posa ikaenda. Binti alipofika, mfalme alimtazama mara moja tu akageuka.

"Mchoraji ndiye alidanganya," mwalimu akasema, "lakini msichana ndiye aliachwa."

Nikamwuliza kama alilia. Akasema vitabu havisemi. Nikaomba nivue gauni.

Kaka, miaka miwili iliyopita umeme ulikatika, nikapikia jiko la mafuta ya taa, likanilipukia. Nina kovu kutoka shavu la kushoto hadi shingoni. Sikuwaambia. Tukiongea kwa video huwa navuta ushungi upande ule. Na ile picha uliyompa Idrisa, mwenye duka la dawa Pangani, ilipigwa na Mkongo wa mtaa huu. "Tulia, dada," aliniambia, "nitakutengeneza kidogo, utatoka muzuri kabisa." Akalifuta kovu lote, nami nikanyamaza. Nisamehe.

Ijumaa utaniozesha kwa Idrisa huko, mimi nikiwa huku. Naye namtaka, kaka, namtaka sana. Akinipigia huniuliza leo nimeshona nini, na husubiri nimalize kujibu. Ndiyo maana naogopa.

Ndani ya bahasha kuna picha nyingine. Ushungi nimeurudisha nyuma. Mpe kabla hamjashikana mikono, penye mwanga, kisha umwache peke yake. Akikubali, nioze. Akikataa, usimlaumu, na mahari yake mrudishie siku hiyo hiyo.

Mama mwambie wewe, taratibu, akiwa ameshakula. Nisalimie wifi yangu, na shangazi aliyenifundisha kushika sindano.

Mdogo wako, ndiye huyo wa kwenye bahasha,

Mwanaidi