Jina Nililomwandika Jirani Kwenye Simu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukicheka ucheke polepole maana mtoto ndio amelala.

Mimi ni mama wa wawili hapa Voi, Mtaita mzaliwa wa Mwanda, mtu wa kwaya, naimba sauti ya pili na macho nimefumba. Jirani yangu ni Mama Muinde, Mkamba, mama mtu mzima ambaye tangu nijifungue amenipikia uji, amenibebea mtoto nikioga, na siku moja alimtemea huyu mdogo mate kidogo kifuani akimwombea akue, na jioni hiyo mtoto akachemka kama sufuria, basi mimi na elimu yangu ya kidato cha pili nikajua kila kitu, nikamsevu upya kwenye simu, "Mama Muinde Mchawi", nikawanong'onezea Priscilla na Teresia wa kikundi cha kina mama, eti tuombe tu. Nilisahau kwamba asubuhi hiyo hiyo mtoto alidungwa chanjo na nesi akaniambia atapata joto. Nilisahau pia kwamba nyanya yangu kule Mwanda alitubariki sote kwa mate, na hakuna aliyemwita mchawi, tulimwita nyanya. Joto lilishuka kesho yake, jina likabaki. Kanisani nikaona kina mama wanalipita birika la chai la Mama Muinde, zamu ikiwa yake, kama watu wasio na kiu, nami nikaendelea na sauti ya pili.

Jumamosi alikuja na chupa ya uji, akakuta nimefunga mlango, akanipigia. Rita wangu wa gredi ya kwanza, ambaye siku hizi anasoma hata pakiti ya chumvi, akaisoma simu kwa sauti ya kumfurahisha mwalimu: "Ma-ma Mu-i-nde M-cha-wi."

Nilipofungua, aliweka chupa chini. "Mama Rita," akasema, "mtoto anasoma vizuri." Akaenda.

Sasa amejitoa zamu ya chai kanisani, na nasikia anatafuta nyumba ahame. Mdogo akisikia sauti yake nje ananyoosha mikono. Jina nimeshalibadilisha. Je, inatosha, ama nimwambie ilikuwa Mama Muinde mwingine?

Mama Rita, Voi

Mama Rita, mwingine yupi? Usiongeze uongo juu ya uji wa watu.

Nakuhurumia, usingizi wa mama anayenyonyesha naujua. Lakini uchovu haukuandika hilo jina, uliandika wewe, na uliandika kwa sababu ni Mkamba, maana mate ya nyanya yako hukuyaogopa. Hapo ulipita haraka, nimekurudisha. Na ile "tuombe tu" haikuwa maombi, ilikuwa umbea uliofumba macho. Mungu naye angekusevu kwa kosa lako la wiki hii, ungeimba ukiitwa nani?

Wazee wanafukuzwa makwao kwa neno hilo. Umelifuta kwenye simu yako, kwa Priscilla na Teresia bado lipo.

Leo, kabla hajapata gari la kubeba vyombo, mrudishie chupa yake ikiwa imeoshwa. Anza na "nilikukosea", mwambie ulisema nini na kwa nani, habari ya chanjo iache. Akikufukuza, toka, urudi kesho. Kisha waite wale wawili uwaambie ulisema uongo, si "nilielewa vibaya". Akikubali kurudi kwenye zamu, uwe wa kwanza kwenye foleni, na kikombe kikubwa.

Na siku atakayokupigia tena, mwache Rita asome jina, kwa sauti ile ile, mlango ukiwa wazi.